Safari na Mali katika Vijiji vya Unyamwezi, Karne ya 19
Katika Unyamwezi ya karne ya 19, kijana asiyefika pwani alidharauliwa. Baada ya mavuno, wapagazi waliondoka vijijini kupitia Tabora, wakibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Ujira ulilipwa kwa nguo na shanga. Nyumbani uligeuzwa kuwa majembe, ng'ombe na mahari. Hata hivyo, mali hiyo haikutokana na mabega ya wapagazi peke yao, kwani wake na watumwa waliobaki ndio waliolima mtama uliolisha kaya. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ilihamia kwenye mabehewa. Kijana asiye na urithi akapoteza njia ya kujipatia ng'ombe, na wengi wakaelekea mashamba ya mkonge.