Kufumbua, si Kuvunja

Tulipokuwa wadogo Msambweni, wakubwa wakitaka tusielewe walisema kwa kinyume: silabi ya mwisho hurukia mbele, Diani ikawa Nidia, Kwale ikawa Lekwa. Baada ya muda tulielewa kila neno, nasi tukanyamaza. Mtoto akicheka tu, siri imetoka, na kuanzia jioni hiyo wakubwa hunong'ona.

Ndiyo maana siikubali istilahi "kuvunja msimbo". Kilichovunjwa, mlango au chungu, mwenyewe hukiona. Fumbo lakini laweza kufumbuliwa na aliyelifumba asijue, akaendelea kulitumia. Kazi yenyewe ni kufumbua. Afanyaye ni mfumbuzi wa misimbo. Najua "ufumbuzi" umezoeleka kwa matatizo ya kila siku, ila sioni ubaya: neno limerudi kwao.

Mfano uko ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Aprili 1942 ndege za Japani zilishambulia Colombo, na Waingereza wakawahamishia wafumbuzi wao Mombasa, katika shule ya Allidina Visram inayotazama bahari. Kituo kikajulikana kwa jina la Kilindini. Huko walihangaika na JN-40, msimbo wa meli za biashara za Japani. Walidhani nyuma yake kuna kitabu kizima cha maneno yaliyogeuzwa nambari, kisha nambari zikajumlishwa na nyingine. Septemba 1942 mtuma ujumbe alisahau jambo, akaurudia ujumbe uleule kwa ufunguo uleule, akiwa ameliongeza. Ulipolinganishwa na ule wa kwanza, siri ikawa wazi: jedwali dogo la kugeuza maandishi kuwa tarakimu, kisha tarakimu zenyewe kuhamishwa nafasi. Kinyume! Kigumu kuliko chetu, lakini kinyume, na hilo ndilo jina ambalo ningeipa aina hiyo ya msimbo wa kuhamisha nafasi.

Baada ya kufumbua huja hadaa. Katika Bahari ya Mediterania, meli ya adui ikijulikana ilipo kwa ujumbe uliosomwa, Waingereza walituma kwanza ndege ya upelelezi ionekane wazi juu yake, adui aamini ni ndege iliyomgundua. Ndipo wakashambulia.

Agosti 1943 wafumbuzi wa Kilindini walirudi Colombo. Kiapo chao cha siri kiliwafunga vinywa kwa miongo, hata mbele ya wake na waume zao.