Charles Bukeko na Kiswahili cha Bawabu: Mtazamo Kutoka Lodwar na Kakuma

Msafiri aondokaye Lodwar kuelekea Kitale husemwa na wenyeji kuwa anakwenda "Kenya". Ni mzaha, lakini mzaha wenye historia: serikali ya kikoloni iliifunga Turkana isiingiliwe, na Jomo Kenyatta alipofungwa Lokitaung kisha akawekwa kizuizini Lodwar, hapo palihesabiwa kuwa ni mwisho wa nchi. Katika mji huu, na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma iliyoanzishwa mwaka 1992, mwendo wa kilomita 120 hivi, Kiswahili ni lugha ya pili kwa walio wengi. Nasi tumeona hapa ni mahali pafaapo kuipimia kazi ya mtunzi wa futuhi ya televisheni, Charles Bukeko.

Bukeko, mtu wa Busia, alizaliwa mwaka 1962. Alijifunza uigizaji jukwaani, katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Nairobi, kabla ya kuanzisha mchezo wa Papa Shirandula ulioanza kuonyeshwa na Citizen mwaka 2007. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa Papa: bawabu aondokaye nyumbani amevaa suti, na akifika kazini akavaa sare ya ulinzi, huku mkewe Wilbroda, aliyeigizwa na Jacqueline Nyaminde, akiamini kuwa mumewe ana cheo. Mchezo mzima umejengwa juu ya uongo huo mmoja.

Kwa mwanaisimu, lililo kubwa ni matamshi. Kabla ya Bukeko, Benson Wanjau alikuwa amejipatia sifa katika Vitimbi kwa jina la Mzee Ojwang. Wanjau alikuwa Mkikuyu, lakini Kiswahili cha Ojwang kilikuwa cha Mjaluo. Aliazima ulimi wa jirani. Bukeko hakuazima. Papa alizungumza kwa lafudhi ya Kiluhya, lugha ya kwao mwigizaji mwenyewe, na alikuwa mwenye hadithi, si kikaragosi cha kupita mlangoni. Hatusemi kwamba mchezo ule uliepuka kabisa kuyadhihaki makabila. Mara nyingine ulijiegemeza mno juu ya mzaha huo, na hapo ndipo ulipokuwa dhaifu.

Jambo hili si dogo kwa mwalimu wa Kiswahili aliyeko Lodwar. Vijana wengi wa Turkana walioshuka Kitale, Eldoret na Nairobi wameishia kulinda malango ya watu, hata ikawa katika vinywa vya watu wa mijini jina la kabila na jina la kazi karibu ni kitu kimoja. Tena Kiturkana, lugha ambayo Gerrit Dimmendaal aliitolea sarufi mwaka 1983, hakina sauti f wala v. Basi mwanafunzi akisema amepika badala ya amefika, darasa hucheka, naye pengine hanyanyui mkono tena mpaka mwisho wa muhula. Kakuma nako kuna Mkongo asemaye "batu" pale ambapo kitabu kinataka "watu", ilhali Kiswahili amekikuta kwao, hakukijia shule. Ni nani hapo wa kumsahihisha mwenzake?

Wapo wenzetu wanaoshikilia kuwa futuhi za namna hii huharibu lugha. Hatukubaliani nao. Papa alisikika kila juma akitoa hoja, akibembeleza, akidanganya na kuomba radhi kwa Kiswahili ambacho mtahini angekikata alama, na maelfu ya watazamaji walimwelewa bila mkalimani. Aliyechekwa alikuwa mwongo aliyeogopa kufumaniwa na mkewe. Lafudhi yake ilizoeleka mapema mno kuweza kuchekesha peke yake.

Bukeko alifariki Nairobi tarehe 18 Julai 2020 kwa ugonjwa wa Covid-19, akazikwa kwao Busia. Katika picha nyingi za kumbukumbu alionekana amevaa sare ile ile ya bawabu.