Kabla ya Tanuru

Babu yangu alijenga nyumba yake hapa Bulongwa, Ukinga, kwa mianzi iliyokandikwa udongo, moto ukikokwa ndani na moshi ukifukuza wadudu kwenye paa la nyasi. Baridi ya Ukinga mwezi Juni haina mzaha. Ushauri aliupata kwa wazee, malipo kibuyu cha ulanzi, pombe ya mianzi. Baadaye tofali za kuchoma zikawa ndiyo heshima. Lakini tanuru linavyokula kuni, jamani! Mimi ni fundi, nasema: kabla ya kuchimba msingi waulize wataalamu wa nyumba bora kuhusu tofali za kufungamana. Ni udongo, saruji kidogo na mashine ya mkono, hazichomwi.