Python 2 na Python 3: kwa nini somo la zamani linagoma kwenye mashini mpya

Kijana anakopi somo la programu kutoka kitabu cha fotokopi, herufi kwa herufi, lakini mashini inakataa. Anaona kama hana kichwa cha kazi hii, na wengine wanaacha kabisa. Mara nyingi shida haiko kwake. Iko kwa toleo.

Python ni lugha ya kuandikia programu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Muholanzi Guido van Rossum. Python 2 ilitoka mwaka 2000. Python 3 ilifuata Desemba 2008 na kubadilisha kanuni fulani kwa makusudi, hata kama programu za zamani zingekwama. Tangu tarehe 1 Januari 2020 Python 2 haitunzwi tena, lakini masomo yake yangali yanazunguka.

Makosa tatu ndiyo inarudi kila mara.

Kuandika kwenye kioo. Zamani iliandikwa print "Jambo". Sasa mabano ni lazima: print("Jambo"). Bila mabano, Python 3 inasimama na kutoa SyntaxError.

Kupokea jibu. Python 2 ilipokea maandishi kwa raw_input. Python 3 haijui neno hilo, inajibu NameError. Yenyewe inatumia input. Tena, kila kinachoingia kwa input ni maandishi, hata namba. Anayetaka kuhesabu namba nzima anaandika int(input()).

Kugawa. Hii ndiyo ya hatari, sababu haitoi ujumbe wowote. Kilo 12 za maharagi zikigawiwa watu 5, Python 2 inasema 12/5 ni 2, maana inatupa kinachobaki. Python 3 inasema 2.4. Mwenye kufuata jibu la kwanza anagawa kilo 10, na kilo 2 zinapotea kwenye hesabu bila mtu kujua. Kwa Python 3, anayetaka namba nzima tu anaandika 12//5.

Kwa kujua toleo, inatosha kuandika python --version. Kwenye mashini zingine matoleo mawili yanakaa pamoja: python inafungua la 2, python3 inafungua la 3.

Somo lenye print bila mabano ni la Python 2. Haliko la kutupa. Linasahihishwa mustari kwa mustari, na kazi hiyo yenyewe inafundisha.