Jina la Diski

Kwetu mtoto akiitwa Pili, atakuwa Pili maisha yake yote, hata kama Mosi amesafiri au amefariki dunia. Hakuna mzazi anayeamka asubuhi, akakuta kitanda cha mkubwa kitupu, akaanza kumwita Pili kwa jina la Mosi. Nimefanya kazi ya kutunza kanzidata kwa miaka mingi, na vijana wanaoingia kazini wakiniuliza Linux huzipaje diski majina, huanzia hapo. Jambo ambalo mzazi hawezi kulifanya, Linux ililifanya kila ilipowashwa.

Asili yake ni ya mbali kidogo. Katika Unix, mfumo ulioanza kubuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, kila kifaa huonekana kama faili. Diski, tepu, printa, vyote vina majina yao ndani ya saraka iitwayo /dev. Jina lenyewe ni kwa ajili yetu sisi wanadamu. Kiini cha mfumo hutazama namba mbili tu: ya kwanza hueleza ni programu gani inayokiendesha kifaa, na ya pili hueleza ni kifaa kipi kati ya vile vinavyoendeshwa na programu hiyo.

Linus Torvalds alipotangaza kazi yake mwezi Agosti 1991, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitahadharisha kwamba mfumo wake huenda usihudumie kamwe diski nyingine ila za aina ya AT, kwa kuwa ndizo pekee alizokuwa nazo. Kwa diski za namna hiyo utaratibu wa majina ulikuwa mwepesi na wa kuaminika. Ziliitwa hda, hdb, hdc na hdd, na herufi ya mwisho ilitokana na mahali diski ilipochomekwa: waya wa kwanza au wa pili, nafasi ya kwanza au ya pili katika waya huo. Ukiichomoa hdb, hdc ilibaki kuwa hdc.

Diski za SCSI zilikuja na utaratibu mwingine. Hizo ziliitwa sda, sdb, sdc, na kuendelea, kwa kufuata zamu ya kuonekana. Iliyogunduliwa kwanza ndiyo sda. Ukiongeza kadi moja, au diski moja ikikawia kuitika, majina yote yanayofuata yanasogea. Kwa mtu mwenye diski mbili nyumbani hilo halikuwa tatizo. Lakini kanzidata kubwa huwekwa katika makabati ya diski yaliyounganishwa na seva kwa nyuzi, na diski ileile huweza kufikiwa kwa njia mbili au nne ili njia moja ikikatika kazi isisimame. Linux iliihesabu mara nne, ikaipa majina manne.

Mwaka 2008 niliitwa katika taasisi moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikikusanya michango ya wanachama. Seva yao ilikuwa na sda yenye mfumo, kisha sdb na sdc zenye kanzidata ya Oracle. Fundi wao aliomba diski ya nne, akaizima seva na kuiwasha tena. Alitazamia sdd, na kweli sdd aliiona. Ila diski mpya ilikuwa imepewa nafasi ya mbele kabatini, kwa hiyo yenyewe ndiyo iliyokuwa sdc, na sdc ya jana ndiyo iliyoitwa sdd. Aliikagua, programu ikamjibu kuwa haina mgawanyo wowote. Jibu hilo lilikuwa sahihi, kwa sababu diski aliyokabidhiwa Oracle nzima-nzima, bila kugawanywa, machoni pa programu za kawaida ni kama shamba ambalo halijalimwa. Akaiandalia mfumo wa faili. Tulirudisha kanzidata kutoka tepu ya Ijumaa, na stakabadhi za siku mbili ziliingizwa upya kwa mkono, moja baada ya nyingine, na akina mama wa kitengo cha uhasibu. Sijaona haki katika kumlaumu fundi yule peke yake. Alisoma jina lililoandikwa mbele yake.

La kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwapo tayari. Richard Gooch alikuwa ameandika devfs, iliyoingizwa katika kiini mwanzoni mwa mwaka 2000, ili /dev isijae mamia ya majina ya vifaa visivyokuwapo. Wengi hawakuipenda, kwani ilikifanya kiini chenyewe kiamue majina. Mwezi Julai 2003, huko Ottawa, Greg Kroah-Hartman alieleza njia nyingine, udev: kiini kitoe habari tu kwamba kifaa kimefika, na programu iliyo nje yake imtazame mgeni, imuulize yeye ni nani, kisha impe jina kwa kanuni alizoziandika mwenye mtambo. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika historia hii. Devfs iliondolewa mwaka 2006.

Swali la «wewe ni nani» lina majibu mengi, na si yote yanayofaa kwa kanzidata. Kuna UUID, namba ya biti 128 inayoandikwa pamoja na mfumo wa faili. Lakini diski ya Oracle haina mfumo wa faili. Isitoshe, ukiinakili diski, nakala huondoka na UUID ileile, ukabaki na mapacha wawili wenye jina moja. Kuna jina la njia, ambalo linaturudisha kwenye habari ya mahali. Lililo bora ni namba ambayo diski yenyewe, au kabati lake, huitoa ikiulizwa, isiyogawiwa kwa diski nyingine. Kanuni moja ya udev huichukua namba hiyo, ikaunda jina la kudumu, na papo hapo ikaikabidhi diski kwa mtumiaji wa Oracle kwa ruhusa 0660. Jambo hilo la mwisho hudharauliwa. Oracle tangu toleo la 10g huandika alama yake mwanzoni mwa diski na kuitambua hata ikibadilishwa jina. Lakini ikiwa baada ya kuwasha upya diski imerudi mikononi mwa root, haiwezi kuifungua hata kuisoma alama hiyo.

Mwaka 2007 mifumo kama Fedora ilianza kuziita hata zile hda za zamani kwa jina la sda, na utulivu wa mahali ukaondoka nazo. Siku hizi diski nyingi ninazozitunza ziko ndani ya mashine pepe. Katika VMware diski haitoi namba yake mpaka mtu aandike disk.EnableUUID katika mipangilio ya mashine hiyo na kuipa thamani ya TRUE. Ndicho kitu cha kwanza ninachokiangalia nikikabidhiwa seva mpya, kabla hata ya kuuliza kanzidata ina ukubwa gani.