Skrapu si vyuma chakavu: historia fupi ya mkasi, gundi na albamu

Huku Minnesota theluji imeshaanza, watu tumejifungia ndani, na mtu akijifungia ndani hutafuta kazi ya mikono. Tangu niwaambie kwamba jirani zangu hukutana usiku kukata picha na kuzibandika kwenye vitabu, maswali yamekuwa mengi. Binamu yangu mmoja kauliza hiyo skrapubuku ndiyo nini, na je, skrapu si zile skrepa anazokusanya kijana wa mkokoteni? Haya bwana, leo nawajibu kwa kirefu, maana karibu kila chombo cha kazi hii kina historia yake, na mwisho wa historia hiyo zimo picha zetu zilizoko kabatini huko nyumbani.

Binamu hakukosea sana. Neno ni lile lile: skrapu ni kipande, masalio, kitu ambacho mwingine angekitupa. Skrapubuku basi ni kitabu cha vipande. Zamani sana, kabla ya neno lenyewe, wasomi wa Ulaya walikuwa na madaftari ya kunakilia maneno waliyoyapenda vitabuni, na mwanafalsafa John Locke alichapisha mwaka 1686 njia yake ya kutengeneza faharasa ya daftari la namna hiyo ili mtu asipotee ndani ya maandishi yake mwenyewe. Baadaye mkasi ukaingia. Mwaka 1769 Mwingereza James Granger alitoa kitabu cha wasifu wa watu mashuhuri wa Uingereza, na matajiri wakaanza kubandika ndani yake picha za watu hao. Picha walizitoa wapi? Wengi walizikata kwenye vitabu vingine! Vitabu vingi vizuri viliachwa na mashimo.

Katika karne ya 19 skrapu zikawa bidhaa. Wajerumani walikuwa mabingwa wa kuchapa picha za rangi kwa mawe, wakatengeneza maua, malaika, watoto na ndege, vyote vimekatwa kwa mashine kufuata umbo lake na kutuniwa kidogo kama sarafu. Viliuzwa kwa karatasi nzima, kila kipande kimeshikana na mwenzake kwa kijiutepe chembamba. Watoto na mabinti wa Uingereza na Marekani walivibandika kwa wingi. Hizo ndizo babu wa stika mnazoziona leo kwenye madaftari ya shule.

Tatizo lilikuwa gundi. Gundi ya wanga wa unga inamwagika, inaota ukungu, inavuta mende na panya (sisi tuliotengeneza tiara kwa uji wa sembe tunaelewa). Mtu aliyechoshwa na hayo alikuwa mwandishi Mark Twain, ambaye jina lake halisi ni Samuel Clemens. Mwaka 1873 alipewa hataza ya skrapubuku yenye mistari ya gundi iliyokwisha pakwa kwenye kurasa. Unalowesha mstari kwa maji kama stempu ya barua, unaweka kipande chako, basi. Kitabu hicho kiliuzwa vizuri kwa miaka mingi, na nadhani ndicho kitabu pekee cha Mark Twain ambacho hakuna mtu aliyelalamika kuhusu maneno yaliyomo.

Lakini mtu ninayetaka mumjue zaidi si Twain. Ni William Henry Dorsey wa Philadelphia, aliyezaliwa mwaka 1837 na kufariki mwaka 1923. Baba yake alizaliwa utumwani Maryland, akatorokea Philadelphia, akawa mwandaaji mashuhuri wa karamu za matajiri. Mwana, yeye alikuwa msanii na mkusanyaji. Kila siku alikata habari za watu weusi kwenye magazeti, ya weusi na ya weupe, akazibandika kwa mada: mazishi, shule, makanisa, muziki, kesi za mahakamani, watu walionyongwa na makundi ya wazungu bila hukumu. Alitengeneza karibu vitabu 400. Fikirini enyi mnaochoka na albamu moja ya harusi!

Kwa nini afanye hivyo? Kwa sababu wakati ule mtu mweusi hakuandikwa kwenye vitabu vya historia, na akiandikwa, aliandikwa vibaya. Gazeti lilimtaja leo, kesho likafungia samaki. Dorsey alitumia mkasi kuuchukua ushahidi kabla haujatupwa. Tena gazeti la mzungu lenye kejeli, likikatwa na kuwekwa kando ya habari nyingine kumi za aina ile ile, linakuwa linajishtaki lenyewe. Hiyo kazi ya kuweka kipande hiki kando ya kile, wanaoanza ufundi huu leo wanafundishwa kwa jina la mpangilio wa ukurasa, wanaonyeshwa rangi na urembo tu. Kwa Dorsey ulikuwa hoja.

Vitabu vyake vilikaa miaka mingi bila kushughulikiwa katika chuo cha Wamarekani weusi cha Cheyney, nje kidogo ya Philadelphia, hadi vilipoibuliwa mwaka 1976. Mwaka 1991 mwanahistoria Roger Lane akachapisha kitabu kizima kilichojengwa juu ya vile vipande. Na hakuwa peke yake: kule Harlem, New York, Alexander Gumby alijaza mamia ya skrapubuku za maisha ya weusi, akazikabidhi kwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1950. Huko ziko hadi leo.

Sasa tuje kwenye neno ambalo mwanagenzi husikia kabla ya yote akiingia duka la huku: karatasi isiyo na asidi. Mwanzoni nilidhani ni maneno ya wauzaji. Kumbe sivyo. Zamani karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, na ile ya miaka 400 iliyopita bado ni nyeupe. Mahitaji yalipozidi, matambara hayakutosha, na kuanzia miaka ya 1840 viwanda vikahamia kwenye mbao. Mti una kitu kinaitwa lignini, ambacho kikipigwa na mwanga na hewa hugeuka manjano. Juu ya hapo, ili wino usitawanyike, karatasi iliwekwa utomvu wa msonobari pamoja na shabu, hiyo hiyo shabu mnayoijua ya dukani. Shabu ile huacha asidi ndani ya karatasi, na asidi huikata karatasi polepole mpaka inavunjika kama biskuti. William Barrow wa Virginia ndiye aliyepima jambo hili kwa makini miaka ya 1950, na matokeo yake yaliwashtua wakutubi wa Marekani: vitabu vingi vya karne ya 20 visingefika mbali. Gazeti ndilo baya kuliko yote, na ubaya wake unaambukiza. Ukilaza kipande cha gazeti juu ya picha, baada ya miaka picha inabaki na alama ya kahawia. Kwa hiyo gazeti toeni nakala yake kwenye karatasi nzuri, hiyo nakala ndiyo mbandike.

Kamera nazo zilibadili kazi. Kodak ya George Eastman ilitoka mwaka 1888, na mwaka 1900 ikaja Brownie ya dola moja, hata mtoto akaweza kupiga picha. Albamu za wakati ule zilikuwa na kurasa nyeusi na vikona vidogo vya karatasi vya kushikilia picha pembe nne. Picha yenyewe haiguswi na gundi. Ukitaka kuitoa unaichomoa tu. Wazee wetu waliopiga picha studio walizipanga hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba vile vikona ni ufundi bora kuliko uliofuata.

Ulichofuata mnakijua: albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu, zilizoenea kuanzia miaka ya 1970. Huku waliziita albamu za sumaku, ingawa hazina sumaku hata chembe. Unafunua nailoni, unalaza picha, unafunika. Rahisi mno! Lakini gundi ile hukauka na kung'ang'ania, kadi ya nyuma ina asidi, na nailoni nyingi zilikuwa za PVC, ambayo hutoa mvuke unaoharibu rangi. Nusu ya familia duniani zimehifadhi harusi zao humo.

Mtu aliyewaamsha Wamarekani ni mama wa nyumbani, Marielen Christensen wa Spanish Fork, Utah. Utah ni nchi ya Wamormoni, ambao dini yao inawahimiza sana kutafuta majina ya mababu. Yeye alitengeneza albamu za familia yake zaidi ya 50, akitumia karatasi nzuri ndani ya mifuko salama ya plastiki, akaombwa kuzionyesha kwenye mkutano wa kumbukumbu za ukoo Salt Lake City mwaka 1980. Mwaka uliofuata yeye na mumewe wakafungua duka. Mwaka 1987 ikaanzishwa hapa hapa Minnesota, mji wa St. Cloud, kampuni ya Creative Memories iliyouza vifaa kwa akina mama majumbani. Biashara ikalipuka. Ndipo ikaja mikutano ya kropu, yaani mikutano ya kukata picha, wanawake wamezunguka meza hadi saa nane za usiku, mikono inakata na midomo inakata pia. Akina shangazi wanaosuka ukili barazani wangejisikia nyumbani kabisa.

Vifaa vingine sivielezi sana: rula, kisu kikali, karatasi ya manila ya rangi unayoweka nyuma ya picha ili itokeze, mashine za kutoboa maua, na tangu 2006 mashine ya umeme ya Cricut inayokata herufi yenyewe. Mapambo yote hayo unaweza kuyaacha. Usichoweza kuacha ni maandishi: nani, wapi, lini.

Sasa nawageukia nyinyi. Mama mdogo, ile albamu ya kijani ya harusi ya 1984 ni ya gundi. Msizibandue picha kwa kucha. Chukueni uzi mwembamba imara, mpitishe nyuma ya picha mkiusogeza huku na huku kama msumeno, taratibu. Inayokataa muiache, mpige picha ukurasa mzima kwa simu, kwenye mwanga wa dirishani na bila flashi. Zile nyeusi na nyeupe za babu, za karatasi nene, andikeni nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Msitumie kalamu ya wino. Zile za rangi zenye mgongo wa plastiki penseli haishiki, kwa hiyo andikeni kwenye karatasi na kuiweka pamoja nayo. Kisha bahasha za karatasi nyeupe, ndani ya bati, mbali na ukuta unaovuja na mbali na mchwa.

Na ipo moja ya babu amesimama na wanaume wawili kando ya lori la mkonge. Nimeituma kwenye kundi la WhatsApp jana. Hakuna anayewajua wale wawili isipokuwa shangazi mkubwa, na macho yake sasa hayaoni vizuri, kwa hiyo mkuzieni picha hiyo kwenye simu, mmuulize asubuhi akiwa na nguvu, na mwandike vile vile atakavyosema, hata akichanganya na Kisambaa.