Maputo ya Albuquerque

Tarehe 8 Aprili 1972, maputo 13 ya hewa moto yalikusanyika kwenye maegesho ya jengo la maduka la Coronado Center, mjini Albuquerque, New Mexico. Redio KOB ilikuwa inaadhimisha miaka 50, na rubani Sid Cutter ndiye aliyeandaa shughuli. Mwaka uliofuata mji ukapokea mashindano ya kwanza ya dunia, shughuli ikakua kuwa tamasha la kila mwaka, na kufikia mwaka 2000 maputo yalizidi 1,000.

Upepo ndio uliolilea tamasha hili. Asubuhi nyingi za Oktoba, mwezi wa tamasha, upepo wa chini huvuma kuelekea kusini na wa juu kuelekea kaskazini, hivyo rubani akipanda na kushuka kwa ustadi huweza kurudi karibu na alipoondokea. Tangu 1978, maputo machache hutangulia kuruka gizani, na marubani wengine huyatazama wajue upepo unakwendaje.

Mimi na mume wangu hufika kwa gari letu la kulala na kuegesha jirani na uwanja wa tamasha. Alfajiri baridi huuma. Tunachemsha chai ya tangawizi, kisha tunatembea. Mtazamaji huruhusiwa kusimama kando ya puto lenyewe. Feni hujaza kitambaa kilicholala nyasini, moto wa gesi hunguruma, joto hukupiga usoni, na kapu la henzerani huinuka wima.

Miaka zaidi ya 50 imepita, na bado mwananchi wa kawaida hazuiwi kusogea. Huo ndio ukarimu wa kulindwa. Ukijaliwa kufika, damka mapema.